Vifurushi Mia Nne na Kumi na Viwili

Dundee, Desemba. Saa mbili na nusu asubuhi
na jua bado halijapiga hodi.
Nimeketi ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani
walimofuma juti ya magunia; wanawake wa humu, nasikia,
walizungumza kwa vidole, mashine zikinguruma.
Leo kimya. Redieta inakohoa.
Ishbel anachovya biskuti kwenye chai isiyo na sukari.

Kazi yetu ndogo: ratiba ya wauguzi
wanaozungukia nyumba za wazee hadi Broughty Ferry,
nani amfunge nani bandeji, na saa ngapi.
Nilitaka kitu cha kupanga tarehe tu.
Nikaandika amri, nikataja jina, nikabonyeza.

Nilialika mgeni mmoja.
Kaja na ukoo:
wajomba, mashemeji, watoto wa kufikia,
mia nne na kumi na wawili
wakivua viatu mlangoni mwa kompyuta yangu
bila hata kuuliza msala uko wapi.

"Unawajua wote hawa?"
Ishbel akacheka. "Raya, mimi hata binamu zangu
siwamalizi."

Nimekua nikiambiwa
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Bibi aliisema akirudisha ungo wa jirani,
pumba za mwisho bado zimeng'ang'ania ukingoni.
Na mimi hapa, mtu mzima, mwenye mshahara,
nimevaa vya watu kuanzia kofia hadi soksi.
Changu, nikisema kweli,
ni mkanda.

Jioni (ambayo hapa huanza saa tisa na nusu)
nikashuka mti wa vitegemezi, tawi hadi shina,
shina hadi mizizi, na mzizi wa chini kabisa
ulikuwa kifurushi cha mistari kumi na minne.
Kazi yake kufuta nafasi tupu
mwishoni mwa jina la mtu.
Basi. Hiyo tu.
Mwandishi: Orpha Lindqvist, Moose Jaw, Kanada.
Mara ya mwisho kuguswa: miaka sita iliyopita.
Na chini ya leseni, pale ambapo hakuna anayefika,
sentensi moja:
*Niliandika usiku, mama akiwa wodini,
kwa sababu mashine yao ilikataa jina lake.*

Nikasoma mara mbili.
Magunia yaliyotoka kwenye juti ya jengo hili
yalibeba kahawa, ngano, mchanga wa vita,
na sijui hata jina moja la mfumaji.
Huyu nimemjua kwa bahati,
kwa kuinamia sakafu kutafuta hitilafu.

Maana hitilafu ilikuwepo.
Tuna muuguzi mpya, Ng'washi,
na kila ratiba ilipotoka
alikuwa "Ng".
Herufi mbili, kama mtu aliyekatizwa kauli.
Orpha hakukosea, nadhani. Kwao kijialama kile
kikija baada ya herufi mbili ni uchafu wa kibodi.
Kwetu ni pua yenyewe ya neno.

Nikaandika mstari wa kumi na tano.
Nikaupeleka Moose Jaw pamoja na maelezo mafupi,
nikafuta "samahani" tatu, nikabakisha moja.

Siku kumi na moja hakuna kitu.
Theluji ikanyesha, ikayeyuka, ikaganda upya.
Nikaanza kumwazia mambo:
amechoka, amehama, amekufa,
na sisi sote tumesimama juu ya bega la marehemu.

Siku ya kumi na mbili hakuandika neno.
Namba tu ilikuwa imesogea:
moja, nukta sifuri, nukta tatu
imekuwa nne.

Nikaita upya vifurushi vyote.
Wakaingia, viatu mlangoni, mia nne na kumi na wawili,
safari hii na mimi nimo,
mstari mmoja katikati ya umati.
Ishbel akachapisha ratiba, akaibandika ukutani
kwa gundi iliyokwisha nguvu, ikaning'inia upande:

Ng'washi. Saa nne. Bi Petrie,
mguu wa kushoto.
Agonge kwa nguvu, hasikii vizuri.