Ameacha Kuuma

Kizimba cha tatu, chini ya dirisha la kaskazini,
madume wawili wamenyimwa kitu kimoja:
hewa.
Hapana, wanapumua. Hii ni nyingine,
ubongo huipika wenyewe,
na kabla hujaitika "abee"
imekwisha.

Mimi nawapa pumba na maji, nafagia,
nahesabu majeraha ya masikio.
Daktari Ngowi alinieleza siku ya kwanza
huku akimenya ndizi:
wajumbe wengine wa mwili hupanda damu,
hushuka kituoni, hubisha kwenye mlango wao.
Huyu hana mlango.
Hupenya ukuta bila hodi,
huinong'oneza tezi, nayo tezi huachia homoni,
na mnyama hulala, au hutafuta jike,
au husamehe.

Niliandika hivyo daftarini: husamehe.
Akalikata kwa wino mwekundu.
"Panya hasamehi, Anansia.
Andika: ameacha kuuma."

Nyumbani Kibosho, Juni ile,
Kiwia kaka yangu aling'oa masale ya mpaka
kwa ajili ya mifereji mitatu ya kahawa.
Eliakunda, mtoto wa baba mkubwa,
alipouliza, akapigwa bapa la panga.
Sikio lilishonwa nyuzi saba.
Nilizihesabu. Ndiyo kazi yangu.

Nikamwambia mama: labda ni hewa,
labda kichwani mwake haipikwi ya kutosha.
Mama hakuacha kupepeta ulezi.
"Hewa? Na mimi niliyezikwa hai na baba yenu
miaka thelathini, mbona sikumkata mtu?"

Usiku ule radi ilipasua juu ya Kibo.
Najua (nimesoma) kwamba radi nayo
huunguza anga ikawa hewa ileile,
kwa kufumba na kufumbua,
kisha mvua huishusha migombani.
Sikumwambia mtu. Nani angeuliza?

Alfajiri nikamwona Kiwia kwenye tope,
miguu mitupu, hana panga.
Mkononi jani moja la isale, limefungwa fundo,
anakwenda kwa Eliakunda
polepole, kama mtu aliyebeba yai.
Alisimama mlangoni muda mrefu.
Huyu alibisha hodi.

Jumatatu nikarudi Moshi, nikafungua daftari,
ukurasa wa nyuma, nikaandika:
ameacha kuuma.

Nikalikata mwenyewe.