Kitufe cha Kwanza

Kiinua mgongo changu kilikuwa na njia tatu:
kiwanja Pongwe, alisema kaka yangu Semhando;
mashine ya kusaga, akasema mkewe;
ya tatu sikumwambia mtu.
Ilifika Jumanne, imetoka bandarini,
Brevis, rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai,
imelala chini kama paka anayevizia.

Miaka thelathini na mmoja nimezalisha Bombo,
zamu ya usiku nikienda kwa baiskeli,
sketi nimeibana kwa kibanio cha kuanikia nguo.
Niacheni nikae kwenye mahameli.

Nikiwasha, mwanamke anazungumza.
Kijapani. Maneno yaleyale kila asubuhi, taratibu,
kwa adabu ya mtu anayekukumbusha deni.
Fundi Shekuondo anasema anaulizia kadi
ya kulipia barabara za kwao.
Namwitikia: marahaba, mama.
Ramani yake haijui Ngamiani.
Tukipita Barabara ya Kumi na Tatu,
tukikata kona kwa muuza mkaa,
kioo kinaonyesha buluu tupu,
na kimshale peke yake katikati ya maji.
Hivyo ndivyo ninavyokwenda sokoni: nimezama.

Msidhani nalisifia tu.
Silinda sita, na kila moja ina kiu yake;
kijana wa sheli pale Chumbageni,
ada ya wanawe nalipa mimi.
Masika, kule Mikanjuni, tumbo lake lilikwaruza jiwe,
nikaumia mahali ambapo sina mfupa.
Koili ya plagi ikafa, ya pili ikaifuata msibani.
Spea hutoka Dar kwa basi, hulala Kange,
nami hulala na bei yake.
Semhando huja, hulizunguka, huipiga tairi teke:
"Kiwanja hakinywi mafuta."
Kweli.
Wala hakijanipeleka Muheza vioo vimepandishwa,
kimya kikajaa mle ndani
hata nikaisikia saa ya mkononi mwangu.

Lakini nilitaka kusema habari ya kiti.

Mlango wa dereva una vitufe viwili.
Cha pili ni changu.
Cha kwanza nilikibonyeza Jumanne ileile, udadisi tu:
kiti kikaguna, kikapanda, kikasogea mbele,
mbele, mpaka magoti yangu yakagusa dashibodi,
kikasimama.
Mtu mfupi, basi. Mgongo wima.
Aliendesha uso karibu na kioo
kama anayetunga uzi kwenye sindano.
Chini ya zulia nilikuta sarafu yake, ina tundu katikati.
Sijui kama ni mzee au binti,
kama alikufa, au alipata gari kubwa zaidi.
Nimepokea maelfu kabla hawajaitwa chochote,
najua mwili hutangulia jina.
Kwa hiyo sikumfuta.
Jioni, nikishaegesha, nilikibonyeza mara moja,
nikateremka, nikampisha akae kwake.

Juzi betri ilikufa.
Shekuondo akaleta mpya, akachomoa waya, akachomeka,
dakika nne, akajifuta mikono.
Mwanamke akaamka na kadi yake.
Nikabonyeza cha kwanza.

Hakuna kilichoguna.

"Kawaida, mama. Betri ikitoka, kinasahau.
Utapanga upya."

Nikamlipa. Nikangoja baiskeli yake ipotee konani.
Kisha nikapandisha kiti. Nikakisogeza.
Kidogo tena.
Magoti yakagusa. Nikanyoosha mgongo,
nikaitafuta pua ya boneti kwa macho yasiyo yangu.
Labda nimekosea kwa upana wa kidole.
Nikashikilia kitufe mpaka kikalia.