Maji ya Mitema

Fungua, Mahadhi. Ni mie, Asumini wa nyumba ya pili.
Sikuja kuhubiri. Nina chupa ya chai,
na ukungu umenilowesha hadi kilemba.
Unaujua ukungu wa Newala wa mwezi wa saba:
unashuka, mtu asiuone hata mpapai wa uani kwake,
na mpapai upo.

Jana ulinipa redio yako.
Ukanipa na betri zake, ukasema,
"Tunza, Asu, mie sina kazi nayo."
Ukacheka.
Kicheko kile nakijua. Nilikivaa mwaka mzima, kikanipwaya.

Najua deni la salfa. Najua mnada ulivyokwenda.
Mengine siyajui, wala sitajifanya.
Ila nakuuliza, na sizungushi maneno:
unafikiria kufa?

Usilikimbie swali. Nami niliulizwa hivyohivyo
na Bi Somoe, mbangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Usiku ule nilishapiga hesabu zangu zote
na kila nikijumlisha napata jibu lilelile.
Akagonga. Ati kaishiwa chumvi.
Saa nane za usiku, chumvi!
Akaketi, akauliza, akanyamaza.
Mdomo wangu haukufunguka.
Akanisogezea ungo, tukachambua korosho
nzima huku, vipande kule,
mpaka adhana. Kulipokucha akanishika mkono
hadi hospitali, na foleni akaipanga yeye.

Njiani nilimwambia, nimechoka, siwezi kusimama mwenyewe.
"Nani kakwambia usimame mwenyewe?
Maji tunayokunywa huku juu yanatoka Mitema, bondeni.
Umewahi kuyaona yakipanda mlima kwa miguu yao?
Yanasukumwa, mwanangu.
Na pampu ikiharibika, hatusemi maji ni mavivu.
Tunaita fundi."

Sikupona siku ile, sikudanganyi.
Kuna asubuhi nilimeza dawa huku natukana.
Kuna wiki nzima nilirudi nyuma, Bi Somoe akarudi na chumvi yake.
Halafu mikorosho ikatoa maua,
na siku moja, hata sikujiandaa,
nikajisikia nacheka, cheko la tumboni,
kwa sababu ya mbuzi aliyekula kofia ya mwenyekiti wa kijiji.
Ndiyo. Ilianza na mbuzi.

Redio yako hii hapa, nimeirudisha.
Nimeshaongea na Chitanda, asubuhi ataleta pikipiki,
twende wote, mimi nyuma yako.
Ndugu yako wa Masasi nimempigia. Analia, anakuja.
Usiku huu silali; kizingiti hiki kinanitosha.

Sikuombi uyapende maisha leo.
Mlima wote huo sikuombi.
Nakuomba komeo.
Livute kidogo tu, hata usiposema kitu,

chai inapoa.