Mizani ya Shimanzi

Nyuma ya mizani ya malori, Shimanzi,
ghorofa ya pili, chumba cha feni moja,
nimekaa napima kisicho na uzito.

Bosi kauliza swali la mwenye duka:
"Toleo jipya tumelilipia. Linatupa nini?"
Nikaomba siku tatu.
Akanipa mbili, na soda.

Programu yenyewe ni ya tozo za bohari:
kontena limelala siku ngapi, la nani, kwa bei gani.
Aliiandika Bi Kibibi Shekuwe, mwaka wa themanini na saba,
kwa Kobol, herufi kubwa tupu,
kama anayemwita mtu ng'ambo ya Likoni,
na juu kabisa, kwenye mstari wa maelezo, kaacha:
USIGUSE SEHEMU YA NNE. INAFANYA KAZI.

Sikuigusa. Msimbo ule ule, nukta kwa nukta
(Kobol yapenda nukta kuliko mwalimu wa insha),
nimeupitisha kwenye kompaila nne, kongwe hadi mpya,
nikaandika nyuma ya risiti ya mahamri:
ya kwanza, kilobaiti arubaini na moja;
ya pili, tisini na kitu;
ya tatu, mia tatu na kumi na mbili;
ya nne nilihesabu tena, nikidhani nukta imehama:
megabaiti mbili kasorobo.

Na maneno ni yale yale!
Unga kibaba kimoja,
huyu kakutolea chapati,
yule kakutolea chapati na sinia na meza na hema la harusi.

Mwakideu, meza ya pili, akacheka:
"Kwani wewe suruali yako ya sekondari yakuingia?"

Kisha mwendo.
Mashine moja, faili moja ya mwaka mzima,
feni nimeizima isije ikasingiziwa.
Kongwe: dakika tatu na sekunde sita.
Wadogo zake wawili: mbili na ushei.
Mpya ikaenda dakika tano, jasho likinidondoka kwenye kibodi,
ikaenda sita,
ikasimama.

Mwenda pole hajikwai, husema.
Huyu kaenda pole, na kajikwaa.
Sehemu ya nne:
safu ina vyumba sitini,
umebisha mlango wa sitini na moja.

Nikakaa kimya na risiti yangu.
Wale wepesi walikuwa wepesi
kwa kuwa hawakuangalia walipokanyaga.
Mteja akizidisha kontena sitini,
ya sitini na moja ilimwagika kwa jirani,
kwenye hesabu ya mtu anayefuata orodhani,
na karatasi ikatoka safi, mistari imenyooka.

Nikashuka stoo. Mafaili ya tisini na nane, vumbi na mende.
Barua ya mkono, kalamu ya buluu:
"Mimi Kombo Mwachiro nina kontena moja tu, la cherehani kuukuu.
Hii pesa nyingine ni ya nani?"
Na jibu letu, limepigwa muhuri:
"Kompyuta haikosei."

Bi Kibibi alijua? Sijui.
Labda aliona na akaogopa. Labda alichoka, na kesho kulikuwa na mishahara.

Liko neno moja la kuzima ukaguzi huu.
Nimelijaribu: dakika moja na nusu,
inawashinda wote wanne, na haisimami popote.
Bosi angefurahi. Ningepata soda nyingine.

Nimeliondoa.
Safu nimeipa vyumba mia tano.
Kwa bosi nimeandika: kubwa mara arubaini na kitu,
mwendo mara mbili ya zamani,
nikabana barua ya Mwachiro juu yake, bila maelezo.
Na pale juu, chini ya herufi za Bi Kibibi, nikaongeza kwa herufi ndogo:
sehemu ya nne imeguswa.

Barua ina nambari ya simu,
tarakimu sita, za zama za simu za waya.
Haiwezi kuita, najua.
Nimeipiga hata hivyo.