Kwa Nini Hayanuki

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki,
wakanyamaza, kana kwamba muda pekee husafisha.
Hawakusema ni nani aliyeyala.

Januari. Ziwa Kasumigaura lina rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Mzee Nemoto Tamekichi amezama kiunoni
katika konde lake la yungiyungi,
mpira wa maji kwapani, anapuliza tope
mpaka mzizi ulegee: mnene, mweupe, pingili kwa pingili,
kama mkono wa mtoto aliyenyonya akashiba.
Haangalii. Tope haliangaliwi,
hupapaswa.

Ng'ambo ya tuta, ndani ya mashua ya bati,
binti yake Chizuru anashusha bomba angavu
polepole, kama anayeingia chumba alimolala mgonjwa.
Anachomoa dhiraa moja ya sakafu ya ziwa:
juu utando wa kahawia, mwembamba kuliko ukucha,
chini yake weusi, na weusi,
na weusi wa kabla hajazaliwa.

Katika utando ule ndimo pumzi inamoishia.
Wamo wanaokula amonia kama sisi tulavyo wali,
wanaiunguza bila moto. Mmoja anaifikisha kwenye nitriti,
mwingine anaidaka, anaimalizia nitrati,
na hakuna msimamizi.
Upana wa unywele chini yao, oksijeni imekwisha,
na hapo ni kwao wasioihitaji.
Hao huvuta nitrati kama sisi tuvutavyo hewa,
huinyang'anya oksijeni yake kidogo kidogo
hadi ibaki naitrojeni tupu, isiyo harufu wala kinyongo,
kiputo
kinachopanda.

Yaani ile mbolea ya mifukoni,
ambayo viwanda viliipokonya anga kwa moto na shinikizo,
inarudishwa angani na vijidudu visivyo na macho.
Dawa ya deni kulipa.
Hawakukopa wao. Wanalipa.

Si mara zote. Wakizidiwa huiacha kazi njiani,
ikatoka gesi ile ya madaktari wa meno, ya kuchekesha,
nayo hupanda ikajilaza juu ya dunia
kama blanketi juu ya mwenye homa.
Chizuru ameipima. Haikumchekesha.

Tangu Oktoba hawajasemezana vizuri.
Aliandika katika ripoti: mashamba ya yungiyungi, kilo kadhaa kwa hekta.
Hakuandika jina. Kijiji kizima kilisoma jina.
Baba alisema neno moja tu, juu ya bakuli la supu:
"Ada ya chuo chako ilitoka mfuko huohuo."

Leo anapita juu ya tuta, bomba wima mikononi
ili miaka isichanganyike.
Mzee anazima pampu. Anavua glovu,
anachovya kidole kwenye weusi, ananusa.
"Hili halinuki mbolea."
"Wameila."
"Nani?"
Anamweleza. Anaruka majina marefu,
anatumia maneno ya jikoni, kama marehemu mama yake
alivyomfundisha kuchachusha maharage.
Mzee anasikiliza huku akitazama kidole.
"Wanalipwa nini?"
"Majani yako. Yale unayoyaacha yazame yaoze."
"Na nikizidisha mbolea?"
Chizuru anatazama maji.
"Wanashindwa, Baba. Ni wengi, lakini wanashindwa."

Mvuke unatoka kwenye mkono wake mtupu.
Bata mmoja anapiga mbizi, anaibuka na si kitu.
"Hata kwa baridi hii wanafanya kazi?"
"Wanafanya. Ila polepole."
"Ehe," anasema, akivaa glovu,
akiurudisha mkono gizani. "Kama mimi."

Pampu inanguruma tena.
Ghalani, mifuko ya Aprili imeshapangwa hadi darini.
Hakuna aliyeitaja.