Paja la Plasta

Walikuja Jumanne na malori matatu,
wakatuambia mtaa wetu una sura nzuri ya taabu.
Mtaa wa Cobbold, Bermondsey, nyumba kumi na tisa;
mbili za mwisho zilimezwa na bomu
na mahali pake pakaota magugu ya zambarau.
Hapo kwenye magugu, kwa siku mbili za nyundo,
wakasimamisha bucha.

Bucha, jamani! Mwaka wa arobaini na nane,
nyama ya wiki nzima inaenea kiganjani,
kitabu cha mgao kimechakaa kuliko Biblia,
na pale dirishani mapaja ya nguruwe,
soseji zimening'inia kama shanga za bibi harusi.
Plasta tupu. Tulijua.
Tuliwaona wakizipaka rangi kwa brashi.

Lakini Bi Winifred Tapsell alikwenda akasimama mlangoni,
kikapu mkononi, asiseme neno.
Nyuma yake Mzee Pluckrose. Nyuma yake mapacha wa Edna.
Kufika saa nne foleni imepinda kona,
na watu wa foleni ya kweli, ya samaki,
wakaiacha, wakaja kuuliza: hapa wanagawa nini?
"Sijui," akasema Pluckrose, "lakini kipo."

Mwongozaji akaja mbio, skafu shingoni:
"Safi sana! Ila nataka mwonekane na njaa zaidi."
Bi Tapsell akampima kuanzia viatu hadi kofia,
kama alivyowahi kumpima afisa wa mgao, na kasisi, na mumewe.
"Kijana," akasema, "hiyo ina bei yake."

Usiku ule mlinzi alisinzia. Asubuhi paja moja halipo.
Polisi akazunguka nyumba kumi na tisa,
nyumba kumi na tisa zikamvutia kiti
na kumpa chai nyepesi, hata unaona kitako cha kikombe.

Filamu ilipofika tulicheka hadi machozi,
isipokuwa pale tulipojiona sisi: sekunde nne,
foleni, kimya, nyuso zote dirishani.
Ukumbi mzima ukaangua kicheko.
Sisi tukaanza kutafuta kofia zetu chini ya viti.

Krismasi tulikuwa kumi na mmoja kwa Bi Tapsell.
Kati ya viazi na kabichi,
kwenye sahani ya marehemu mama yake, paja.
Akasali. Akanoa kisu.
Akakata hewa, kipande kwa kila mtu,
na Pluckrose akasogeza sahani yake,
akaomba chenye mafuta.