Mizani ya Sufu

Kilo nne na robo za sufu laini,
zilizochanwa matumboni mwa mbuzi kumi na saba mwezi wa nne,
theluji ingali imeng'ang'ania makwapa ya vilima:
hiyo ndiyo bei yake.
Choijil, mwenye duka pale Tsetserleg,
alikifuta kioo kwa mkono wa koti,
akanipa karatasi ya dhamana
na peremende moja ya nyongeza.

Nilipofika hemani niliifunga kamba, kwa mzaha,
nikaitundika kwenye ndoana ya mizani ya sufu.
Mshale haukutikisika.
Gombo, mume wangu, akacheka hadi chai ikampalia:
"Dulmaa, umebadilisha kundi kwa unyoya!"

Basi nikasema nitaipima kwa njia yangu,
sitaionea, sitaipendelea.

Mema yatangulie, nisiitwe mkosa shukrani.
Usiku alipopotea farasi wa kijivu
tochi yake ilinionyesha kwato juu ya barafu,
moja baada ya moja, mpaka ng'ambo ya kijito.
Iliniambia dhoruba itafika saa tisa; ikafika saa saba,
lakini kondoo walikuwa wamekwisha ingia zizini.
Na Enkhzul, binti yangu aliyeko Incheon akipakia figili makoponi,
namsikia hadi jirani yake anavyokohoa nyuma ya ukuta.
Kwa hilo peke yake
ningeongeza mbuzi wa kumi na nane.

Sasa ila zake.
Haikijui kidole changu.
"Jaribu tena," inasema, kwa upole wa karani wa benki
aliyekwisha kuamua kukunyima mkopo.
Miaka arobaini ya kukamua, ya kusokota kamba za singa,
ya kuokota mavi makavu ya ng'ombe kuwashia jiko,
imeisugua alama yangu kama sura kwenye sarafu kuukuu.
Wenye vidole laini hufunguliwa mara moja.
Mimi nasimama nje na tarakimu zangu nne, nabisha hodi.
Siku moja, kwa hasira, nikaigusisha kidole gumba cha mguu.
Ikakipokea!
Lakini nani avue buti malishoni
kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri?

Na betri. Inajisifu siku mbili.
Huko ilikozaliwa labda hakuna Januari.
Nikiitoa nje imejaa zaidi ya nusu
inazima fyu, bila kwaheri,
basi naitia ndani ya joho, kwapani,
kama mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Inanywa joto langu kwanza, ndipo inifanyie kazi.
Nani hapo anamchaji nani?

La kamera nililiacha nyuma kwa kusudi.
Nilijipiga picha, nikamtumia Enkhzul.
"Mama, umekuwa msichana!"
Nikatazama. Kovu halipo.
Lile la teke la farasi jike, nilipokuwa na miaka saba,
kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni,
alilolishona mama kwa singa iliyochemshwa
huku akinikemea nisilie, naye analia.
Mishono kumi na moja.
Simu imeifumua yote kabla sijapepesa jicho,
wala haikuniuliza.

Siku tatu nilitafuta ndani ya mipangilio,
nikaukuta urembo umejificha chini kabisa, nikauzima,
nikajipiga tena, nikatuma.
Enkhzul alikawia kujibu.
Kisha: "Enhe. Sasa nakuona."

Gombo ananisumbua: inafaa au haifai?
Nikamwambia farasi hasifiwi
kabla hajavuka baridi moja na mbavu zake zikiwa nzima.
Aje mwezi wa tatu, nitakuwa na jibu.

Akaguna, akajifanya analala.
Usiku wa manane nikaamka kuongeza kuni
nikamkuta kando ya jiko, soksi moja mkononi,
mguu juu ya kigoda,
anaibembeleza imtambue.